Careen Atoa Mji

Mjukuu wangu Careen alinipigia simu akiwa ndiyo kwanza ameanza chuo Dodoma. Nilikuwa napepeta mchele hapa kwangu Lipangalala.

"Shikamoo bibi. Mimi narudi nyumbani."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana. Hesabu za huku sizielewi. Wenzangu wanaandika tu, mimi nakaa kimya."

"Mwalimu umemwuliza?"

"Bibi! Si darasa zima litajua kwamba sijui?"

Nikaweka ungo chini. "Kitendawili!"

"Mwenzio nalia, wewe unaleta vitendawili?"

"Kitendawili!"

Akavuta kamasi. "Haya, tega."

"Kila siku namlisha, kila siku nampiga, wala hanenepi."

"Punda?"

"Punda gani asiyenenepa? Jaribu tena."

"Sijui, bibi."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Mngeta."

"Mngeta nimekwenda, nimekula wali wao mpaka nikasinzia, sasa nimerudi. Jibu ni kinu."

Akacheka kidogo.

"Umeona aibu kunipa mji?"

"Aibu ya nini? Ndiyo mchezo wenyewe."

"Na huko chuoni, usipotoa mji, nani atakupa jibu?"

Tukaagana, nami sikujua kama atapanda basi la kurudi.

Kesho yake jioni akapiga tena.

"Nimenyoosha mkono, bibi. Nikasema, mwalimu, nimeshindwa tangu mwanzo. Kuna waliocheka. Mwalimu akafuta ubao, akaanza upya."

"Sasa umeelewa?"

"Nusu. Kesho namfuata ofisini kwake, nikampe mji mwingine."