Juisi ya Mama Nereah

Mama mkwe wangu, Nereah, hawezi kulala nyumbani kwangu. Sisi Wasamia hatukubali, na Wajaluo wenzake hawakubali. Mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na akiwa jikoni mimi siingii jikoni. Kwa hiyo kila asubuhi alivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya na mkoba wake mweusi, akaja kwangu Busia ya Uganda kumtunza bintiye Maurine, mke wangu, na jioni akarudi kwake. Tulisalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama kuku.

Maurine alikuwa na mimba ya miezi saba, na kliniki walimwambia damu yake ni kidogo. Hapo ndipo juisi ilipoingia kwetu. Akina mama wa kanisani kwa Nereah walikuwa wamefundishana: sukuma wiki, dodo yaani mchicha, nanasi, tangawizi na ndimu, vyote vibichi, unasaga kwa blenda na kunywa papo hapo. Kupika, walisema, kunaua nguvu ya majani. Mimi niliiita juisi ya mbuzi. Lakini Maurine alianza kupata nguvu, akaanza hata kugombana nami, basi nikafunga mdomo.

Ijumaa moja nilitoka forodhani, ninakofanya kazi ya kutoa mizigo ya malori, nikaja nyumbani kula. Nilipopita nyuma ya nyumba kunawa mikono, niliona mihogo yangu imenyolewa. Ncha zote changa zilikuwa zimekatwa na utomvu mweupe ulikuwa bado unadondoka.

Muhogo ule ni mchungu. Niliupanda makusudi, kwa sababu mwizi hauchimbi na nguruwe wa jirani haugusi. Mizizi yake tunaivundika, tunaianika, tunaisaga, ndipo tunapata ugali. Majani yake mabichi ni sumu. Nilipokuwa mdogo mbuzi wetu aliyala asubuhi, na adhuhuri haikumkuta.

Jikoni, kile kijumba cha mabati upande wa pili wa ua, blenda ilikuwa kimya.

Niliingia nyumbani mbio. Maurine alikuwa amekaa kwenye kochi, kikombe cha juisi ya kijani kiko mkononi.

"Usikunywa!" nilipiga kelele. "Mama nakata majani gani?"

"Kisamvu. Sukuma imeisha sokoni. Yeye na baba walikuwa wanakila sana Mombasa, enzi baba akifanya kazi bandarini. Anasema kina damu kushinda sukuma. Kwani nini?"

"Kisamvu ya Mombasa nachemka, Maurine! Nachemka mpaka nalainika! Hii ni mbichi, na ni ile ya mchungu. Wewe nakunywa?"

"Bado. Nilikuwa nangoja povu lishuke."

Nilimpokonya kikombe, nikamwaga nje dirishani. Nilikaa chini sakafuni nikacheka kama mwendawazimu. Mke wangu mzima. Mtoto mzima. Maurine hakucheka. Alikuwa anatazama mlango.

"Egesa," alisema polepole. "Mama hunywa chake kwanza. Anasema hawezi kunipa kitu ambacho hajakijaribu mwilini mwake."

Nilivuka ua. Mlangoni pa jikoni miguu ilikataa, na mimi si mtu wa kukwama, mimi hugombana na madereva wa malori kutwa nzima. Lakini mle ndani alikuwemo mama mkwe wangu, na tangu utoto nilikuwa nimefundishwa kwamba hapo mtu haingii.

"Mama?" niliita kutoka nje. "Mama, iko sawa?"

"Niko sawa, baba," alijibu. Sauti ilikuwa nzito. "Kichwa tu. Ni hili joto. Usiingie, nimevua kitambaa."

"Mama, majani ile iko na sumu. Nakunywa ngapi?"

Nilisikia kigoda kikianguka.

Niliingia. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, kikombe kitupu kando yake. Alikuwa anapumua kama aliyetoka kukimbia. Aliponiona alivuta leso akajifunika kichwa.

"Toka, baba," alisema. "Si heshima."

"Heshima tutapata kesho, Mama."

Maurine alikuwa ameshampigia Obore, mwenye bodaboda wa hapo kona. Nilitaka kumbeba mama mkwe, akanisukuma kwa kiwiko, akashika ukuta, akatembea mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, akitapika njiani. Obore mbele, yeye katikati, mimi nyuma kuzuia asianguke. Alikaa wima kabisa. Mkoba wake mweusi uliokuwa begani aliuvuta nyuma, akaubana kati ya mgongo wake na kifua changu. Hata katika hali ile aliweka mpaka. Mimi nami nilishika vyuma vya keria, nisije nikamgusa.

Barabara ya hospitali ilikuwa imezibwa na malori yanayongoja kuvuka. Obore alipita pembeni, kwenye mashimo, mkono kwenye honi. Kila tulipoyumba nilidhani ataangukia kwangu, lakini alijirudisha, akauweka mkoba sawa. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado ule mkoba ulinipa moyo. Maadamu aliona haya, alikuwa bado yuko nasi.

"Mama, namsikia mimi?"

"Nasikia, baba." Akaongeza kwa taabu, "Nyathina hakunywa?"

"Mwana wako hakunywa. Namwaga yote."

"Asante Mungu."

Tulipita kituo cha mafuta. Nilianza kuliona geti la hospitali mbele, nyuma ya lori la saruji lililosimama upande mbaya. Obore alipunguza mwendo atafute upenyo.

Mkoba ulianguka barabarani. Nilingoja anyooshe mkono autafute. Badala yake mgongo wake ulilegea, ukanilalia wote, na kichwa chake kikatua begani kwangu, leso ikiwa imeteleza, nywele zake za mvi zikinigusa shavu.

Niliachia vyuma nikamkumbatia kwa mikono miwili.

"Mama," nilimwambia sikioni. "Ni mimi, Egesa. Mkwe wako. Sogea kidogo, Mama."

Hakusogea.