Kichwa cha Resian

Wiki ya mwisho ya Mei, ukungu ulianza kulala juu ya nyasi za Kitengela mpaka saa tatu asubuhi, na Resian akaanza vita na boshori.

Boshori yenyewe ilikuwa kofia ya sufu nyekundu. Mama yake, Waithera, aliifuma kwa jioni nne, akaiwekea masikio mawili ya kufungia chini ya kidevu ili upepo usipate pa kuingilia. Mtoto mwingine wa mwaka mmoja na miezi minane angetulia nayo. Resian aliivua akaitumbukiza kwenye ndoo. Ilipokauka akavishwa tena, naye akaivua akaivalisha sufuria. Siku ya tatu ilitafutwa nyumba nzima, ikapatikana ndani ya mkebe wa unga, imelala vizuri kama mgonjwa.

Hakuwa mtundu. Alikuwa na shughuli. Tangu anapofungua macho mpaka usingizi unapomwangusha, alichapa kazi kama mtu aliyeajiriwa: kuhamisha viatu vya baba yake kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, kupanga vitunguu kwenye kochi, kufungua droo, kuifunga, kuifungua tena kuhakikisha imefungika. Mwenye kazi zote hizo ana nafasi gani ya kofia?

Basi akajifunza jambo moja, akalishika kwa nguvu: mkono wowote unaokuja kwa juu unaleta boshori. Ukinyoosha mkono kuelekea kichwa chake, hata kama ni kumtoa unyuzi kwenye nywele, alijipinda akapita chini yake kama kuku anayekwepa kukamatwa, akapotea nyuma ya kochi.

Hayo yangebaki kuwa ya kuchekesha, kama si simu ya Ijumaa.

Aliyepiga alikuwa mama yake Samuel, kutoka Kajiado. Samuel Lesiamon, mume wa Waithera, aliuza dawa za mifugo katika duka moja pale mjini Kitengela. Akipigiwa na mama yake alitoka nje, akaongea Kimaasai huku akizunguka uani. Waithera, binti wa Nyeri, hakukijua Kimaasai vizuri, lakini miaka mitatu ya ndoa ilikuwa imemfundisha kusoma mabega. Siku hiyo mabega yalirudi ndani yameshuka.

"Koko anasema baridi inakuja," Samuel alisema. Tangu mtoto azaliwe, mama yake alikuwa Koko kwa kila mtu, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwao.

"Baridi huja kila mwaka. Amesema nini kingine?"

"Anasema nyumba ya mawe ni friji, na kwake moto hauzimwi. Anataka tumpelekee Resian akae huko Juni, Julai na Agosti. Mpaka jua lirudi."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema tutaongea."

"Kwa Kimaasai, 'tutaongea' ni ndiyo ama ni hapana?"

Samuel akakuna shingo.

"Kuna kingine umekiacha huko nje, Baba Resian. Kilete."

Akakileta. Mama yake alikuwa amesema mtoto hajui kusalimu. Pasaka walipokwenda nyumbani, Resian alipita mbele ya wazee kama upepo, hakutoa kichwa hata kwa mmoja.

Waithera alielewa, na ndiyo sababu neno hilo lilimchoma. Kwa kina Samuel mtoto hapeani mkono. Huinamisha kichwa mbele ya mkubwa, mkubwa akamwekea kiganja juu, salamu ikaisha. Mtoto asiyefanya hivyo halaumiwi yeye. Wanauliza analelewa na nani.

Miezi mitatu! Mtoto wa miezi ishirini ukimwacha miezi mitatu, anarudi amebadilisha meno, maneno na mama. Waithera alijilaza usiku huo akiipiga hesabu hiyo kutoka mbele na kutoka nyuma. Baridi aliiweza. Alikuwa na sweta tatu, blanketi nzito na jiko la makaa. Asichoweza kukijibu ni hilo la adabu. Basi adabu ipatikane. Walikuwa wameahidi kwenda Kajiado Jumamosi ya wiki iliyofuata, na Jumamosi hiyo Resian angetoa kichwa.

Kesho yake alimweleza Mutindi, jirani wa mlango wa pili, Mkamba wa Machakos aliyebaki na mtoto mchana wakati Waithera yuko kazini kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Ngoja nielewe," Mutindi alisema, mikono yake ndani ya beseni la nguo. "Unataka mtoto anayekimbia mkono ajifunze kuuletea kichwa. Kwa siku saba. Mama Resi, si ungeanza na kitu rahisi, kama kumfundisha kuendesha lori?"

"Utanisaidia ama utanicheka?"

"Naweza kufanya zote mbili."

Walianza na ndizi. Ukitoa kichwa, unapata ndizi. Resian alichukua ndizi, kichwa akaondoka nacho.

Jumapili jioni Samuel akajifunga shuka, akakaa kwenye kigoda kama mzee wa boma. "Takwenya!" alisema kwa sauti nzito. Hiyo ndiyo salamu ya kina mama na wasichana, na jibu lake ni "Iko."

Resian akageuka kuangalia ni nani nyuma yake anayesalimiwa.

"Sema iko," Mutindi alimhimiza kutoka mlangoni. "Iko, Resi. Iko!"

Resian alimtazama. Neno hilo alilijua, alilisikia kila asubuhi likiulizwa kwa hasira. Akanyoosha kidole kwenye mkebe wa unga.

Waithera akaufungua. Boshori ilikuwa iko.

Mutindi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Waithera hakucheka. Siku mbili zilikuwa zimekwisha.

Jumatatu akapata wazo, na kwa kweli lilionekana zuri. Kama mtoto anaogopa mkono, aonyeshwe kwamba mkono juu ya kichwa hauumi. Alipiga magoti kwenye zulia, akainama, akachukua kiganja cha Resian akajiwekea kwenye nywele. "Takwenya," akajisalimia kwa niaba ya mtoto. "Iko," akajibu.

Resian alikiangalia kiganja chake. Akakiinua, akakirudisha. "Kwenya," alisema.

"Iko!" Waithera alikaribia kulia kwa furaha.

Resian aliipenda kazi hiyo kuliko vitunguu. Tangu jioni ile hakuna aliyeinama katika ploti ile ya nyumba za kupanga akainuka bila kusalimiwa. Mutindi aliguswa kichwa akifua. Samuel aliguswa akifunga kamba za viatu. Makau, mtu wa kuleta gesi, alipoinama kuteremsha mtungi, alihisi kiganja chenye uji kikitua kwenye upara wake.

"Ai, Mama Resi," alisema bila kuthubutu kuinuka, "hii ni kubarikiwa ama ni kupakwa mafuta?"

Lakini kutoa kichwa chake mwenyewe? Hata mara moja. Ukimwekea mkono, anapita chini.

"Amejifunza nusu," Samuel alisema Alhamisi usiku.

"Nusu gani?"

"Nusu ya Koko."

Hapo ndipo Waithera alipoingiwa na baridi ambayo haikutoka nje. Mtoto aliyepita wazee bila kusalimu, hilo lina jina: ni mdogo, ana aibu. Lakini mtoto anayemgusa bibi yake kichwani kama yeye ndiye mkubwa wa boma, hilo lingesimuliwa mpaka Namanga, na jina lake Waithera likiwa mbele.

"Basi sitamweka chini," alisema. "Nitambeba kutoka tukifika mpaka tuondoke."

"Resian? Umbebe kutwa nzima?"

"Nitambeba."

Jumamosi Samuel aliazima gari la mwajiri wake, wakafika Kajiado saa nne. Upepo ulikuwa ukiyapiga mabati ya nyumba ya Koko, na kwenye jiko lililojengwa kando moshi ulikuwa unatoka chini ya paa, mnene na mweupe. Koko alisimama mlangoni, mwembamba, wima, kichwa kimenyolewa, shanga masikioni. Kando yake alikuwa mzee Katoo, mdogo wa marehemu mume wake, aliyeitwa kusikiliza maneno.

Samuel, na ndevu zake, aliinama. Kiganja cha mama yake kikagusa kichwa chake. Kisha kiganja kile kikaja kwa Resian, juu ya bega la Waithera, juu ya boshori iliyofungwa mafundo mawili.

Resian alijikunja, akauzika uso wake shingoni kwa mama yake.

"Ni baridi," Waithera alisema haraka.

"Ni baridi," Koko alikubali, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu mfukoni.

Waliingia jikoni, ambako moto ulikuwa katikati na chai ilikuwa tayari. Waithera alimshikilia mtoto kwa kikombe cha kwanza. Kwa kikombe cha pili Resian alikuwa amejinyoosha kama ubao, kisha akalegea kama samaki, kisha akapiga kelele ambayo mzee Katoo aliifumbia macho.

"Weka yeye chini," Koko alisema. "Mtoto si mzigo."

Waithera akamweka chini. Resian alivua boshori, akaipa kiti, akaingia kazini. Fimbo ya mzee Katoo ilihama kutoka mlangoni hadi chini ya benchi. Vifuniko vya sufuria vikahesabiwa, kimoja kimoja, kwa kelele.

"Hii mtoto iko na haraka," mzee Katoo alisema.

"Ndiyo hiyo nataka tuongee," Koko alisema, akageukia Kiswahili kwa heshima ya mkaza mwanawe. "Mama Resian, mimi sisemi wewe ni mbaya. Wewe unafanya kazi, Samuel anafanya kazi, mtoto anakaa na jirani kwa nyumba ya mawe. Hapa kuna moto. Hapa kuna maziwa. Na hapa kuna watu atajua kusalimia. Miezi tatu ni kidogo."

"Koko," Waithera alisema, "kwake si kidogo."

Moto ulikuwa umeanza kufifia, Koko akapiga magoti mbele yake, akasukuma kuni ndani, akainama chini kabisa kupuliza.

Waithera aliona yote. Aliona Resian akiacha vifuniko. Akaona macho yake yakikipata kile kichwa kilichonyolewa, kiko chini, karibu, kinang'aa kwa mwanga wa moto. Aliinuka nusu, kikombe mkononi, chai ikamwagikia sketi.

Alichelewa. Kiganja kidogo kilitua katikati ya kichwa cha Koko.

"Kwenya," alisema Resian.

Mzee Katoo aliweka kikombe chini. Samuel alitazama viatu vyake. Ukuni mbichi ukalia ndani ya moto, na Koko hakuinuka. Alibaki vile vile, mikono yake ardhini. Waithera alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu.

"Iko," sauti ilisema kutoka kule chini.

Resian, kwa kuwa kazi yake haikukataliwa, aliuacha mkono pale pale. Ilikuwa Koko aliyeinua kichwa mwishowe, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Macho yake yalikuwa na maji, na moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Alisema kitu kwa Kimaasai, kirefu. Samuel alimtafsiria mke wake.

"Anasema wa mwisho kumgusa kichwa alikuwa mama yake. Mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipoisha. Alipomzika, hakubaki mtu juu yake. Sasa kila anayekuja hapa anamletea kichwa chake, na chake hakuna wa kupelekewa."

Kisha Koko alimtazama Waithera.

"Nani alifundisha yeye hii?"

Angeweza kusema ni mchezo wa watoto. Samuel alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema hivyo.

"Ni mimi," Waithera alisema. "Nilitaka akutolee kichwa. Nikamwonyesha vibaya, akashika upande wako."

Kicheko cha Koko kilianzia kifuani, kikakohoa njiani, kikatoka kimejaa. Alijifuta kwa pembe ya shuka. "Umekosea vizuri," alisema. "Umekosea vizuri sana, mama."

"Na hiyo maneno ya miezi tatu?" mzee Katoo aliuliza. Aliitwa kusikiliza maneno, na hakutaka maneno yapotee.

Koko alimvuta Resian mapajani. Resian alikubali kwa sababu huko kulikuwa na shanga za kukagua. "Akikaa hapa miezi tatu," Koko alisema, "mimi mwenyewe nitamfundisha. Najijua. Agosti ikiisha atakuwa anatoa kichwa kama watoto wote." Kidole cha Resian kilikuwa ndani ya hereni yake. "Hapana. Rudisha yeye kwa friji. Lakini kila wiki mbili nimwone."

"Na adabu?"

"Adabu itangoja jua, Katoo."

Waithera aligundua kwamba bado amesimama nusu, na kikombe kiko tupu. Akakaa.

Waliondoka saa tisa, kabla upepo haujakaza. Samuel aliwasha gari, Waithera akapanga mitungi ya maziwa kwenye kiti cha nyuma. Alipogeuka kumchukua mtoto, alimwona Koko uani, ameinama, anashughulika na kandambili yake ambayo haikuwa na tatizo lolote. Upepo ulikuwa ukilipeperusha shuka lake, lakini hakuinuka.

Resian alikuwa mbali, kwenye zizi la mbuzi, anampa mwanambuzi jani ambalo mwanambuzi hakulitaka.

"Mama Resian," Koko aliita kutoka kule chini, "ambia yeye niko hapa."

Samuel akazima injini. Waithera alivuka ua mbio, akamnyanyua mtoto na jani lake, akampeleka.