Kielelezo Namba Moja: Suruali ya Harusi

Baba yangu ni karani wa mahakama, na ubishi kwake ni sehemu ya kazi. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza shahidi ni nani. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, naye hakatai.

Siku alipoanguka ofisini, mafaili mkononi, nilidhani angalau atakubali kwamba anaumwa. Wapi! Alipopata fahamu alisema zulia ndilo lililomtega. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alimshika mkono wakaongozana hadi hospitali, nami nikafuata na mkoba.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole. Alimbandika Baba nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi yenye mistari iliyopanda na kushuka ovyo.

"Mzee, mapigo ya moyo wako hayana mpangilio," alisema. "Damu ikituama mle ndani inaganda, na bonge likipanda kichwani, ni kiharusi. Uanze dawa leo. Sukari iko juu, presha iko juu, na hilo tumbo nalo linachangia."

"Tumbo la nani?"

"Lako, mzee. Wala si wewe peke yako. Duniani wenye moyo kama huo ni mamilioni, na wanaongezeka kadiri watu wanavyonenepa."

"Basi waite hao mamilioni. Mimi sijanenepa tangu nioe, na nitaleta ushahidi. Kabla ya hapo simezi kitu."

Maneno yake hayo hayakuwa mzaha. Kila asubuhi Mama aliweka kidonge kando ya kikombe chake, na kila asubuhi Baba alikisukuma kwa kidole akisema, "Napinga." Mimi nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nilijifungia bafuni nikalia, maana nilishamwona akipanda ngazi huku ameshika kifua, na nilijua kiharusi hakisikilizi rufaa.

Tuliporudi kliniki, Mheshimiwa alikuwa amevaa suruali nyeusi aliyofungia ndoa. Alisimama katikati ya chumba, akafungua koti, akaonyesha kifungo kilivyofunga bila shida.

"Kielelezo namba moja," alisema. "Nilioa nayo. Inanikaa kama siku ile. Sasa huo unene uko wapi?"

Daktari alitazama tumbo, akatazama suruali, akatazama tena tumbo. Mimi pia. Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Ivue," alisema Mama.

"Nini?"

"Nenda nyuma ya pazia, mume wangu, uivue unipe."

Baba aliipitisha kando ya pazia, mkono tu ukionekana. Mama akaigeuza nje ndani, akaiweka juu ya meza ya daktari. Kiunoni mlikuwa na kipande cha kitambaa kilichoongezwa, na ubavuni mwa hicho kingine, na kingine tena, kila kimoja cheusi kwa namna yake. Ungedhani ramani ya mashamba.

Baba alitokeza, shati limemfika mapajani, soksi zimevutwa juu. Aliinama akavigusa vile vipande.

"Na zile za kabatini?"

"Zote. Na mashati. Na hilo koti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi hamtangazii mteja kiuno chake, anapima na kunyamaza. Ndivyo nilivyofundishwa. Halafu ulikuwa unasimama kwenye kioo unatabasamu hivi, nami nikisema, acha afurahi, kitambaa ninacho." Alilaza kiganja juu ya suruali. "Lakini sasa naogopa. Nimekushonea kila kitu mimi. Sitaki kukushonea sanda."

Nilitamani Baba aseme neno lolote, hata apinge, lakini aliendelea kuipapasa ile mishono. Kisha akajiweka wima mbele ya Mama, akainua mikono.

"Nipime," alisema. "Usome kwa sauti."

Mama alivua futi ya kupimia shingoni, akaizungusha, akavuta pumzi. "Inchi arobaini na nne."

"Daktari, umesikia? Andika." Akashusha mikono, akanyoosha kiganja. "Na hicho kidonge kiko wapi?"

Mama alikuwa nacho mfukoni.