Jina la Byamungu Bungeni

Jibu la ubalozi lilikuwa na adabu tele, na adabu hiyo ndiyo iliyompandisha Nzigire hasira. Delfina alimsomea kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana, Nzigire akiwa amesimama nje ya ghala la Jeffersontown, Louisville, na fulana yake ya kazi ya rangi ya machungwa. Serikali ile, jirani wa Kongo na rafiki mkubwa wa Marekani, ilisikitika kusikia habari za familia yake. Hata hivyo, shambulio la droni zake kwenye soko la kule Kongo halikuua raia yeyote. Na kuhusu Bwana Byamungu, kwa kuwa mke wake mwenyewe, yaani Nzigire, ameieleza kamati ya Bunge la Marekani kwamba mumewe hajaonekana tangu siku ile, serikali inaungana na familia kumwombea arudi salama.

"Banamuombea?" Nzigire aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika, dada."

"Bale benye balimuchoma na moto, leo banamuombea?"

Delfina alikuwa binti wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, na sasa alifanya kazi Columbus katika ofisi ya mbunge aliyekaa kwenye kamati ya mambo ya nje. Marekani ilitaka kumuuzia rafiki yake yule droni mpya za kivita. Sheria inaitaka serikali ilitaarifu Bunge kabla ya kuuza, na Bunge lina haki ya kuhoji, kuchelewesha, hata kukataa. Mbunge wa Columbus alitaka kukataa. Lakini mbele ya kamati huwezi kukataa kwa kukunja uso tu. Unatakiwa uonyeshe droni zilizouzwa mara ya kwanza zilimfanyia nani nini. Ndipo Eliezer, mdogo wake Byamungu, mpiga kura wa mtaa wa Linden na msemaji mkubwa wa kila kikao, alipomchukua shemeji yake kutoka Louisville na kumpeleka katika ofisi ile akaseme.

Na Nzigire alisema. Alisema vile familia yao inavyosema siku zote: mume wangu alienda sokoni, hajaonekana. Si kwamba hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa upande wa unga, Byamungu akiwa ng'ambo kwenye meza yake ya kutengeneza simu chini ya turubai la bluu. Kitu kililia angani, sauti nyembamba, watu wakainua nyuso. Halafu hapakuwa na turubai wala meza wala watu waliosimama pale.

Jambo hilo alilisema mara moja tu, kwa mama mkwe wake, Mama Patricia. Yule mama alimuuliza swali moja: "Uliona mwili?" Nzigire akasema hapana, moto haukuacha mwili. "Basi usiniulie mutoto," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Kilio hakikuwekwa. Hakuna mtu aliyelala chini, hakuna aliyenyoa nywele. Mpaka leo huko Buffalo, kanisani kwa Mama Patricia, jina la Byamungu linatajwa kwenye maombi ya wasafiri, pamoja na vijana wanaoendesha malori. Kwa watu wa kwao, mtu ambaye mama yake hajamlilia hajafa, na hakuna shangazi, mchungaji wala mjane mwenye ruhusa ya kumtangulia mama kwa neno hilo. Kwa hiyo Nzigire hakuwa mke, hakuwa mjane. Alikuwa mtu wa kungoja. Binti yake Grâce aliwahi kumuuliza kwa Kiingereza, akifunga kamba za viatu, kama baba amekufa au hajafa, na yeye akamwambia harakisha, basi litakuacha.

"Dada," Delfina alisema, "kamati inakutana Alhamisi. Bado tunaweza kurekebisha maelezo yako. Ila itabidi useme wazi kwamba amekufa, na kwamba uliona. Yatasomwa kwa sauti, kikao kitarushwa hewani, na jina lake litabaki kwenye kumbukumbu za Bunge. Unaweza kuniambia hata sasa hivi, naandika."

Nzigire alifungua kinywa. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini akilini alimwona Mama Patricia jikoni kwake, simu mkononi, akisikiliza video iliyotumwa na mtu wa kikundi cha WhatsApp cha kanisa, maana Wakongo wa Louisville hadi Buffalo hawajawahi kuacha video ilale.

"Nipe mupaka kesho kutwa," alisema. "Kuna mutu lazima nimuambie kwanza."

Akamwendea msimamizi wake, akamwambia kuna msiba katika familia. Msimamizi akauliza nani amekufa. "Mume wangu," Nzigire akasema kwa Kiingereza chake cha ghalani, na ajabu ni kwamba kwa lugha ile neno lilitoka bila kumkwaruza koo. Kabla msimamizi hajatoa pole, Nzigire alikwishageuka kwenda kuchukua mkoba.

Eliezer alimpokea kituoni Columbus asubuhi ya pili yake akiwa na kahawa mbili na mpango. Eliezer hakosi mpango.

"Shemeji, sikiliza. Donc, tuseme tu ku Bunge. Mama haangaliake mambo ya Bunge. Nani atamuambia?"

"Weye."

"Miye?"

"Unajuaka kufunga mudomo siku ngapi, Eliezer?"

Akacheka, maana ni kweli, kisha akaacha kucheka. Barabara yote mpaka Cleveland alizungumzia bei ya matairi. Walipoanza kuliona ziwa upande wa kushoto ndipo alipokiri kwamba na yeye aliwahi kuulizwa na mama, mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba yeye siku ile hakuwapo, hajui kitu. "Niliogopa atakufa," alisema. "Mama ni muzee."

"Na miye niliogopa," Nzigire akasema. "Ona sasa woga yetu balivyoitumikisha. Endesha."

Alikuwa na hasira, na hakuwa na haja ya kuificha. Aliwakasirikia wale wa ubalozi na kalamu zao za adabu. Alijikasirikia mwenyewe kwa kuwapa neno la kuandikia. Na chini kabisa, mahali alipoona aibu kuchungulia, alimkasirikia yule mama mzee, kwa kumnyima hata haki ya kulia.

Mama Patricia alikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao huko Lower West Side. Walipofika Eliezer alikumbuka ghafla kwamba gari lilikuwa linatoa mlio fulani, akasema atabaki chini aliangalie. Nzigire hakumbembeleza. Alipanda ngazi peke yake.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Alifurahi kumwona, akamwinua uso, akalalamika kwamba amekonda, akauliza habari za Grâce, akataka kuinuka aweke chai. Nzigire alimshika mkono.

"Mama, kaa. Nimekuja na neno, na nikikunywa chai sitalisema."

"Neno ya nini?"

"Ya Byamungu."

Mikono ya mama ilirudi kwenye maharage. "Bamemuona?"

"Apana, mama. Hakuna mutu atamuona. Byamungu amekufa."

Neno likawa limetoka, hivihivi, katikati ya jiko. Mama hakuinua macho. Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni.

"Mama Grâce, nilikuambia zamani."

"Uliniambia. Na nilikutii. Bon, leo sitii." Akasogeza kiti chake karibu na meza. "Bale benye kuuwa banataka kununua ndege zingine ya kuuwa. Hapa, kwa hii serikali yetu ya hapa. Bunge inauliza: ile ya kwanza ilifanya nini? Bale banajibu haikuuwa mutu. Banasema Byamungu eko hai, eko njiani, banangoja arudi. Mama, nisamehe. Lakini weye na bale leo munasema neno moja."

Mama Patricia alisukuma sinia. Alimtazama mkwewe kwa namna ambayo Nzigire angeikimbia miaka ya nyuma. Angeshuka zile ngazi na kurudi Louisville bila hata kuaga. Safari hii alibaki ameketi.

"Banasema mutoto wangu eko hai?"

"Njo balivyoandika."

"Bale?"

"Bale bale, mama."

Huko chini Eliezer alifungua boneti ya gari na kuifunga tena.

"Eleza," mama alisema. "Yote. Usiruke kitu."

Nzigire akaeleza. Turubai, mlio, nyuso zilizoinuka, moto. Alieleza jinsi alivyokimbilia moto na mwanamume asiyemjua akamkamata kiuno, jinsi alivyomng'ata mkono yule mwanamume na bado hakumwachia. Mama aliuliza Byamungu alikuwa amevaa nini. Shati jeupe la mikono mifupi. Akauliza kama alikuwa amekula asubuhi ile. Alikula mihogo na chai. Kisha mama akauliza lile alilolibeba miaka yote.

"Aliita?"

"Apana, mama. Hakupata nafasi ya kuita. Ilikuwa mara moja."

Mama akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Kila usiku minamusikia anaita," alisema. "Anasema, mama, siko mbali. Njo maana sikuweza kufunga mulango."

Nzigire, aliyekuja na hasira yote ile, hakujua aiweke wapi. Alimpenda yule mama wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda.

"Na bakisikia jina yake," mama aliuliza, "batakatala kuuza?"

"Sijui. Pengine batauza tu. Lakini batauza bakijua ni nani."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Apana." Mama Patricia alisimama, na Nzigire akadhani yote yameharibika. "Mutoto wangu hatakufa mu Bunge ya wazungu kabla hajakufa mu nyumba ya mama yake. Ondoa hii meza."

Alivua kitambaa cha kichwa, mvi zikaonekana zote. Alifungua dirisha la barabarani, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akamwita mwanawe kwa jina, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliielewa hata wale wasiojua Kiswahili.

Kamikazi, Mrundi wa ghorofa ya chini, alikuwa wa kwanza kupanda, unga ukiwa bado mikononi. Hakuuliza kitu. Alishika upande mmoja wa meza. Eliezer alikuja akiruka ngazi mbili mbili, akasimama mlangoni, na mama yake akamwambia, "Kaka yako amekufa. Toa viti." Akatoa viti huku akilia kwa sauti kama mtoto, yeye msemaji wa kila kikao, bila neno hata moja. Wanawake wa kanisa walifika na mikeka na masufuria. Walimlaza Nzigire chini, wakamfunika kanga, wakamwita mjane, na alilia mpaka mbavu zikamuuma, na katika kulia kule kulikuwa na nafuu asiyoionea aibu. Jioni alimpigia Grâce, aliyemwacha Louisville kwa jirani, akamwambia kwa Kiswahili, wazi, sentensi moja. Mtoto aliomba aje Buffalo, na Eliezer akachukua ufunguo wa gari.

Delfina alipiga simu kesho yake, nyumba ikiwa imejaa nyimbo. Nzigire alikaa kwenye mkeka akaanza kumweleza alichokiona sokoni, taratibu, na Delfina akaandika. Walipofika mwisho, Mama Patricia alinyoosha mkono.

"Leta simu."

"Shikamoo, mama," Delfina alisema. "Poleni sana na msiba."

"Asante, mwanangu. Unaandika?"

"Naandika, mama. Ila nikuulize na wewe, kwa sababu haya yatasomwa mbele ya watu wote, na watu wa ubalozi watakuwepo. Niandike kwamba amekufa?"

"Byamungu amekufa," mama alisema. "Miye njo nilimuzaa, na miye njo ninasema. Weka jina yangu chini ya jina ya mutoto wangu. Kama kuna mwenye kukatala, asimukatalie mujane; aje hapa anikatalie miye."

Kisha akamrudishia Nzigire simu, akaenda kuwapokea watu waliokuwa bado wanapanda ngazi.