Mboga za Jumamosi

Kwetu Khayelitsha mboga huliwa Jumamosi, siku ya mazishi. Katikati ya wiki duka la kona lina mkate mweupe, chipsi na soda, basi. Kabichi iko sokoni, mbali mno kwa mama yangu, Nofezile, ambaye sukari ilishamla kidole kimoja na sasa inaunyemelea mguu mzima.

Kliniki nesi alimuuliza, "Mama, unakula mboga mara ngapi kwa wiki?"

"Inategemea amekufa nani."

Nesi akanikazia macho. Ningemwambia nini? Mama alikuwa anasema kweli tupu.

"Sindano kila asubuhi, kisha ale papo hapo," nesi akaniagiza. "Asipokula, sukari itashuka mno, imwangushe. Na sukari asiiguse!"

Jumamosi hiyo alizikwa mwalimu mstaafu tusiyemjua. Mazishi hayana mwaliko. Mama alijidunga alfajiri, mkate akausukuma pembeni.

"Nilijaze tumbo mkate wa nini, na maboga yananingoja?"

Lakini kwetu mwombolezaji hapewi sahani kabla marehemu hajashuka kaburini, na mchungaji alikuwa na mengi ya kusema. Kufikia saa sita mama alitota jasho, akamwita marehemu kwa jina la baba yangu, akaanguka.

"Maskini, alimpenda sana mwalimu," mwanamke mmoja akasema.

"Mapenzi gani! Leteni soda!" nikafoka.

Tukammiminia kinywani, akafumbua macho. Sukari ile ile! Inayomla mguu ndiyo iliyomrudisha. Nilibaki pale makaburini na kopo mkononi, nimechanganyikiwa, sijui nilibusu au nilitupe.

Tuliporudi nyumbani kwa marehemu tulinawa mikono getini, mama akala kabichi na maboga mpaka akacheka. Jumatatu nesi akapima, akafurahi.

"Umeona? Endelea hivyo hivyo!"

Hivyo hivyo vipi, dada yangu? Nilitamani kumuuliza, nikaogopa jibu.

Jioni mama akauweka mguu wake juu ya kigoda, akauangalia.

"Lulama, Jumamosi hii kuna nani?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna kabisa?"

Ng'ambo ya ukuta wetu wa bati, jirani yetu Tata Gqirana akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu, kizito. Ni mzee mwema, ndiye aliyetuzibia paa. Mungu anisamehe, mimi na mama tulitega masikio.