Zahanati ya Baba Mkwe

Guta lilikuwa limeshatoka uwanjani na kushika njia ya zahanati, Magdalena, mama mkwe wa Limi, bado anatupungia kitambaa cha kichwa, Limi alipoanza kujifunika. Kwanza miguu, halafu kifua, mwisho kichwa chote kikaingia ndani ya kitenge. Akalala katikati ya magunia yangu ya dagaa kama gunia jingine, na lile tumbo juu limejaa kama lumbesa.

Nikamuuliza kama anaumwa au anakwepa vumbi. Akajibu kutoka ndani ya kitenge kwamba atanieleza tukishaipita zahanati.

Guta ni la mumewe, Nyanda. Ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, anabebea mahindi ya watu hapo Nyamahanga. Yeye alikuwa mbele anaendesha, redio kaifunga kwenye usukani, hasikii la mtu. Mimi nilikuwa nyuma na Limi. Nilikuwa nimepanga chumba kwao tangu mavuno, nikinunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kuwapeleka Rusumo, maana pale mpakani madereva wa malori wanakula sana na hawabishani bei. Sijawahi kukaa mahali pamoja mpaka nikazoea mlango. Nimetoka Shinyanga msichana, nikapita Sengerema, nikapita Geita, na kote nimeuza kitu. Kwa hiyo Limi alipowaambia wakwe zake kwamba anataka kujifungulia Rusumo, kwamba kule kuna kituo kikubwa, wakaona bahati imewaangukia, bibi wa dagaa anakwenda huko huko, atamsindikiza. Mpango ulikuwa guta litufikishe barabara kuu, pale tupate gari. Sikuona ubaya. Mimba ya kwanza ina hofu zake.

Zahanati ipo karibu kabisa na njia. Nesi wa pale, William, alikuwa nje anamwagilia vitunguu vyake, koti jeupe limetundikwa dirishani. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba. Nyanda akapiga honi na kupaza shikamoo yake, maana William ni mdogo wa baba yake. Akauliza tunakwenda wapi asubuhi hiyo. Nyanda akajibu kwamba anampeleka bibi na dagaa wake. Hakuwa amedanganya, ila alikuwa ameacha kitu. Gunia la katikati halikutikisika.

Tulipoiacha zahanati nyuma Limi akajifunua. Uso ulikuwa umelowa jasho, midomo imekauka. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, akimwangalia mumewe mgongoni.

Hakuwa na haja na kituo kikubwa. Alichotaka ni mahali wasipomjua. Siku zote wajawazito wa pale huzalishwa na Swaumu, binti wa Kiislamu wa mjini Biharamulo, mtaratibu, anayependwa na kila mtu. Lakini Swaumu mwenyewe alikuwa amejifungua, yuko likizo kwao, na aliyebaki ni William peke yake. Na William kwa Limi ni baba mkwe.

Asiyetujua atauliza tatizo liko wapi. Kwetu Wasukuma, baba mkwe na mkwe wake wa kike ni watu wa kuepukana. Baba mkwe akipita njiani, mkwe anaingia majanini na kupiga magoti. Hali chakula mbele yake. Jina lake halitaji. Na chooni kwake haingii, hata akibanwa namna gani. Pale kwao Nyanda alipooa alichimba choo cha pili nyuma ya mihogo kwa ajili ya Limi, na hicho nacho Limi akiwa anakwenda na kopo lake la maji, akimwona baba mkwe kwa mbali, anamwaga maji yale kwenye ua la mtu kama vile ndiyo kazi iliyomtoa ndani, anarudi. Nimemwona kwa macho yangu.

Sasa msichana wa namna hiyo alikuwa bombani siku moja, akawasikia wanawake wanacheka. Walikuwa wanamcheka mwenzao ambaye wakati wa kusukuma alitoa mtoto pamoja na haja kubwa, juu ya kitanda, mbele ya nesi. Mpaka leo wanamwita Mama Viwili. Limi alicheka na wenzake, akajitwisha ndoo, akaenda nyumbani kulia.

Nikamwambia kwamba mimi nimezaa, na dada zangu wamezaa, na hicho kitu kinatokea kwa wengi, kwa sababu mtoto na uchafu njia zao zimepakana na anayesukuma hawezi kuchagua. Akasema analijua hilo, ndiyo maana amejitayarisha. Nikamuuliza amejitayarishaje. Akasema hajala tangu juzi. Alikuwa akipewa ugali anautia kwenye kanga na kuwapelekea kuku. Tumbo likiwa tupu, alisema, hakuna kitakachotoka ila mtoto.

Hapo hapo akashika ukingo wa bodi kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Sikuhitaji kuuliza, nilijua. Maumivu yalipopita nikamuuliza yameanza lini. Akasema jana jioni. Alikuwa ameyabana usiku kucha, ameuma shuka, kwa kuwa angepiga kelele wangemwita William.

Nilimgonga Nyanda begani mpaka akasimamisha. Nikamwambia ageuze. Mwanzo hakuelewa, alidhani nimesahau kitu. Nikamwambia mkewe anazaa, ana njaa ya siku mbili, na Rusumo hatutafika naye akiwa mzima. Mwanaume yule rangi ilimtoka. Akageuza guta pale pale, nusura atutie mtaroni.

Limi alinishika mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bibi, afadhali unishushe hapa porini."

"Sikushushi," nikamwambia. "Lakini nitakuwa ndani na wewe, na aibu yako haitamfikia baba mkwe wako. Niachie mimi."

Niliyasema bila kujua nitafanya nini.

William alituona tunarudi akaacha vitunguu. Alipomtambua aliyelala bodini alirudi hatua moja nyuma, naye ni Msukuma kama sisi, halafu nikaona amekumbuka kazi yake. Alivaa koti. Alisema tumwingize, na yeye akatangulia kwa mlango mwingine ili asimpite karibu. Nyanda akabaki nje, anazunguka guta lake na kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Ndani, Limi alivuta kitenge akajifunika uso wote. Alikuwa amepata njia yake, kwamba asipomwona mkwe, basi mkwe hayupo. William aliyaelekeza maswali yake yote kwangu, mimi nikampelekea Limi, Limi akanijibu mimi, nikayarudisha kwa William, na wote tulikuwa katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwulize chupa imepasuka? Anasema imepasuka njiani. Mwulize amekula nini?

Hapo nikasita. Halafu nikamwambia ukweli, kwamba hajala. Hakuuliza sababu. Alitoka akarudi na kikombe cha uji wenye sukari nyingi, akaniwekea mezani, kisha akageuka akaukabili ukuta, akawa anasoma tangazo la chanjo ambalo nina hakika amelibandika mwenyewe. Akalisoma mpaka kikombe kikaisha. Limi alikunywa uji ule ndani ya kitenge, nikimsikia tu anavyomeza.

Baada ya hapo ikabidi ampime. Alisema kwa sauti kubwa kidogo, kama anayezungumza na ukuta, kwamba hapa ndani hakuna baba wa mtu, kuna nesi. Akafanya kazi yake haraka na kwa adabu. Njia ilikuwa imefunguka yote. Akaniambia nimwambie asukume.

Na Limi akasukuma. Mwanzo alisukuma vizuri, tukaona nywele. Halafu ghafla akabana, nywele zikarudi ndani. Uchungu mwingine ukaja, ikawa vile vile. Anasukuma, anabana, mtoto anarudi. William akaweka kile kikopo cha kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza, akasikiliza tena. Safari hii akaacha kupitia kwangu.

"Binti, mtoto anachoka," alisema. "Unamzuia. Usimzuie."

Niliingiza kichwa changu chini ya kitenge. Mle ndani kulikuwa na joto na harufu ya uji. Akaninong'oneza kwamba kuna kitu kingine kinakuja, anakisikia, si mtoto. Siku mbili za njaa hazikusaidia kitu. Nikamwambia akiachie. Akatikisa kichwa. Si mbele ya baba, alisema. Akasema afadhali afe. Nikamwangalia usoni, nikaona hafanyi mzaha.

Nikatoa kichwa. William alikuwa ameshaanza kuangalia mlangoni, nadhani anapiga hesabu ya guta na umbali wa hospitali ya wilaya. Mimi asubuhi ile kwa Magdalena nilikuwa nimekula maharage na viazi, sahani iliyojaa, na barabara ilikuwa imenitikisa. Sikuwa na haja ya kujilazimisha. Nikajamba.

Haikuwa ndogo. Nyanda aliisikia nje, baadaye alisema alidhani ni tairi.

"William, mwanangu, unisamehe," nikasema. "Hili tumbo la uzee halina breki. Leo limeharibika kabisa. Kuanzia sasa kitu chochote kitakachonuka humu ndani ni changu, na kikionekana kimedondoka ni changu pia. Usiulize ulize."

William alinitazama. Kisha akakitazama kitenge pale kilipofunika uso. Nilimwona anaelewa. Mtu mwingine angenitoa nje, au angesema bibi acha utani, kuna kazi hapa.

"Bibi, nimekusikia," akasema. "Na ukizidiwa usijibane. Wazee wakijibana wanapata ugonjwa. Mimi hapa nina vitambaa vingi."

Chini ya kitenge kikaanza kitu kama kikohozi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka tumbo likaruka ruka, na uchungu ukamkuta katika kicheko hicho hicho, na mtu anayecheka hawezi kubana. Vyote vikaja. Kile alichokiogopa kikatangulia, kidogo tu, kama cha mtoto. William alikifuta kwa mkono mmoja, akakikunja ndani ya kitambaa, akakitupa kwenye ndoo kwa namna ambayo ungekuwa umepepesa macho usingeona.

"Lo, bibi, tumbo lako hili," akasema.

"Nilikuambia," nikamjibu.

Na kichwa kikatoka, kikafuatwa na mabega, na mtoto akalia kwa hasira kama aliyeamshwa. Mvulana. William akamweka juu ya kifua cha mama yake. Ilibidi Limi afunue kitenge ili amwone mwanawe, na alipokifunua macho yao yakakutana, yeye na baba mkwe wake, kwa mara ya kwanza nadhani tangu aolewe. William ndiye aliyeinamisha uso. Akasema hongera, akasema anakwenda kumwita Nyanda, akapita mlangoni upande upande.

Niliosha ile ndoo mwenyewe. Nilikuwa nimeahidi.

Mchana Magdalena alifika na mtori na wanawake wengine wawili wa jirani. Wakauliza mambo yalikwendaje. William akawaambia mzazi alikwenda vizuri, hakusumbua, ila bibi wa dagaa ndiye aliyeichafua wodi. Alisema kwa uso mkavu kabisa. Wanawake wale walicheka mpaka wakakaa chini. Limi alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vya mguu vilikuwa vinacheza.

Rusumo sikuenda tena mwezi ule. Dagaa niliwauza pale pale Nyamahanga, na walinunuliwa haraka, maana kila mtu alitaka kuja kumwona huyo bibi. Watoto sokoni walikuwa wananipita wakipuliza midomo. Sikuwajali. Jina la Bibi Breki lilinifuata mpaka Mabawe nilipohamia mwaka uliofuata kununua maharage, lilikuja na dereva wa pikipiki.

Mtoto aliitwa Matiasi, jina la babu yake mzaa mama. Anaota meno. Swaumu alirudi kazini likizo ilipoisha. William amehamishiwa zahanati nyingine upande wa Ngara, na vitunguu vyake vimerithiwa na mlinzi. Limi ana mimba ya pili na anakula vizuri. Akikutana na William msibani bado anaingia majanini na kupiga magoti. Yule waliyemwita Mama Viwili alijifungua tena, pacha. Nyanda aliuza guta akanunua ng'ombe. Magdalena anaumwa magoti lakini bado analima. Mimi nauza maharage.