Mawaridi ya Mama Herieli

Otilia alisifika mtaa mzima wa Maisaka kwa bustani yake. Kwa hiyo alipomwambia rafiki yake Evelyne, "Mama Tunu, gari unalo, chakula nitapika mimi, twende tukatembelee nyumba za kale tuone na bustani zake," Evelyne alifurahi. Tangu ahamie Babati kuuza vitenge, hakuwa ameona zaidi ya stendi na soko.

Nyumba ya kwanza ilijengwa na wamisionari, kuta nene za mawe na veranda pana. Evelyne alikuwa akitazama dari la mbao aliposikia kitu kikivunjika nje. Otilia alikuwa amekata tawi la ua na kulitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Kajitawi tu," alisema. "Ua la kuiba ndilo hushika."

Kwenye nyumba ya pili aling'oa yungiyungi na mizizi yake, kisha akafutia mikono kwenye pazia. Evelyne alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Ya tatu ilikuwa juu ya kijiji cha Mutuka, nyumba ya mlowezi aliyeondoka zamani. Mabati yalikuwa na kutu, ila bustani ilikuwa safi kama imefagiliwa asubuhi ileile. Mlinzi wake, Mzee Sylvanus, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana."

Aliwazungusha kote. Nyuma ya jiko palikuwa na kaburi la saruji lililozungukwa na mawaridi ya njano.

"Huyu ni Mama Herieli, mke wangu. Mawaridi haya aliyapanda akiwa mgonjwa. Akaniambia nisimzike mbali nayo."

Otilia alimshika mzee mkono, machozi yakamlengalenga. "Pole, baba. Bwana amempumzisha."

Mzee aliguswa, akaenda kuwaletea mtindi. Evelyne naye akaenda garini kuchukua simu. Aliporudi alimkuta Otilia amepiga magoti kaburini, akadhani anasali. Akasogea taratibu asimkatishe.

Otilia alikuwa anachimba waridi kwa kijiko cha chakula, kiwiko kakiegemeza juu ya saruji. Udongo aliutupia msalabani.

"Mama Rogath! Umesikia alivyosema yule mzee?"

"Nimesikia. Marehemu hanusi maua. Shika mfuko huu."

Evelyne hakuushika. Machozi yale alikuwa ameyaona kwa macho yake, yakimlengalenga Otilia, na hata hayajakauka.

Mzee akatokea na vikombe viwili. Otilia aliuficha mfuko nyuma ya sketi, akapokea kikombe kwa vidole vyenye udongo, akapiga funda kubwa. Mdomo ukabaki mweupe.

"Mtindi mtamu, baba!"

"Baba, utusamehe," Evelyne alisema. "Tumekuibia." Akauvuta mfuko na kumkabidhi.

Mzee alitazama ndani yake, kisha akatazama shimo. Evelyne alipoinama kumsaidia, alimzuia kwa mkono. Alilipanda waridi mwenyewe, akafuta msalaba kwa shati lake. Alipomaliza alichukua kikombe mkononi mwa Otilia, akamwaga mtindi uliobaki, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuaga.

Njiani Otilia alinuna kidogo tu. "Umeniaibisha kwa mzee wa watu kwa sababu ya kijiti." Kisha akafungua kontena la chakula, akaanza kumenya yai kwa vidole vilevile, kucha zimejaa udongo wa kaburi. Alilimeza nusu, nusu akamnyooshea Evelyne.

"Kula, mwenzangu. Hasira na njaa haviendi pamoja."

Evelyne alishusha kioo, akatoa kichwa nje kidogo apate hewa.

Alimshusha getini kwake bila kuzima injini. "Safari ijayo twende Mbulu," Otilia alisema, akikusanya mifuko yake. Evelyne aliondoa gari mlango haujafungwa vizuri.

Nyumbani alichota maji na sabuni, akasugua kiti cha gari alichokalia Otilia hadi kitambaa kikaanza kutoa nyuzi.